Erlang: mwalimu wa kijijini aliyezihesabu simu kabla hazijapigwa

Nilipotea kidogo hapa kibarazani, mniwie radhi, kazi zilinibana. Leo narudi na habari ya marehemu mmoja wa Denmark, aliyefariki mwaka 1929, ambaye juzijuzi tu alimwokoa dada mmoja wa mapokezi asipewe barua ya onyo. Najua inasikika kama hadithi ya bibi. Twende taratibu, mtanielewa.

Kazi inayonipa ugali ni mitandao ya kompyuta. Siku hizi ofisi nyingi simu zake za mezani ni simu za IP, yaani sauti inakatwakatwa vipande vidogo, pakiti, na kusafirishwa kwenye waya uleule wa kompyuta. Kila sekunde simu moja hutuma pakiti 50 kwenda na kupokea 50. Pakiti ya barua pepe ikichelewa nusu sekunde hakuna atakayejua. Pakiti ya sauti ikichelewa hivyo imeshakuwa takataka, neno limepita.

Basi kwenye swichi, kila poti inayoenda mezani kwa mtu naipanga hivi. Simu inachomekwa ukutani, na kompyuta inachomekwa nyuma ya simu, kwa sababu ndani ya simu kuna kiswichi kidogo. Poti moja inabeba mitandao miwili: data za kompyuta zinapita bila alama, na sauti inapita kwenye VLAN yake yenye alama. Simu inaambiwa namba ya VLAN hiyo na swichi yenyewe pale inapowaka. Pakiti za sauti zinapewa muhuri wa kipaumbele, 46 kwenye DSCP, na swichi inaambiwa iuamini muhuri huo ukitoka kwenye simu lakini isiuamini ukitoka kwenye kompyuta, maana kuna wajanja. Mwisho nahakikisha swichi inapeleka umeme kwenye waya huohuo ili simu iwake bila adapta. Ukimaliza hayo, umemaliza. Ndivyo nilivyokuwa nadhani.

Ofisi moja hapa mjini niliifungia simu 40 namna hiyo. Jioni nikajaribu, sauti safi, kama mtu yuko chumba cha pili. Baada ya wiki mbili malalamiko yakaanza. Wateja wanasema wanakatiwa, sauti inakwamakwama, wanajibiwa nusu neno halafu kimya. Na wote wanamtaja dada wa mapokezi, kwa kuwa ndiye anayepokea. Bosi akaniita akaniuliza kama mtandao una tatizo. Nikakagua poti moja baada ya nyingine, zote 40, nikakuta kila kitu kiko sawasawa, nikamwambia mzee, kwa upande wangu mtandao hauna kasoro.

Hapo sasa. Kama mtandao hauna kasoro, kasoro ni ya nani? Kumbe neno langu ndilo lililogeuzwa ushahidi. Nilikuja kusikia kwamba barua ya onyo imeshachapwa inasubiri sahihi: kuwakatia wateja simu kwa makusudi. Usiku ule sikulala vizuri. Ndipo nikamkumbuka Erlang, jina tulilopewa chuoni kama kipimo tu, kama kilo na lita, bila kuambiwa ni mtu. Nikaanza kumsoma. Ngoja niwasimulie.

Agner Krarup Erlang alizaliwa tarehe 1 Januari 1878 katika kijiji cha Lønborg, karibu na mji mdogo wa Tarm, upande wa magharibi wa rasi ya Jutland. Baba yake, Hans Nielsen Erlang, alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji na karani wa parokia. Mama yake, Magdalene Krarup, alitoka ukoo wa watu wa kanisa, na katika mababu wa upande huo alikuwemo Thomas Fincke, mwanahisabati wa karne ya 16 aliyeyapa baadhi ya maneno ya trigonometria majina tunayoyatumia mpaka leo. Kwa hiyo hisabati ilikuwa damuni, ingawa nyumbani hakukuwa na utajiri wa kutisha. Ilikuwa nyumba ya mwalimu tu, mnazijua nyumba za walimu: vitabu vingi kuliko viti.

Inasimuliwa kuwa kaka yake Frederik alipokuwa akisoma kitabu jioni, Agner aliketi ng'ambo ya meza akisoma kitabu kilekile juu chini. Alizoea hivyo mpaka hakuona tabu. Alipenda sana elimu ya nyota, na utotoni alitunga hata mashairi kuhusu mambo ya angani.

Elimu ya mwanzo aliipata kwa baba yake na mwalimu msaidizi wa shule ileile. Alipofika umri wa miaka 14 akapelekwa Copenhagen kufanya mtihani wa chuo kikuu wa hatua ya awali. Ilibidi apewe ruhusa maalumu kwa kuwa alikuwa mdogo mno. Akafaulu kwa sifa. Sasa wadau, mtoto wa siku hizi akifanya hivyo angetembezwa kwenye televisheni. Yeye alirudi kijijini akawa mwalimu msaidizi kwa baba yake kwa miaka miwili, huku akijifunza Kifaransa na Kilatini.

Mwaka 1896 akapita mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Copenhagen, tena kwa sifa, na akapata ufadhili, maana bila huo mfuko wa mwalimu wa kijiji usingetosha. Akasoma hisabati, na pembeni elimu ya nyota, fizikia na kemia. Alimaliza mwaka 1901.

Baada ya hapo akashika chaki. Miaka saba alifundisha katika shule mbalimbali, na waliomjua walimtaja kama mwalimu mzuri, ingawa kwa asili alikuwa mtu wa maneno machache. Kwenye mikusanyiko alipenda kukaa na kutazama watu kuliko kuongea. Jioni na wakati wa likizo alijisomea hisabati zake, na alikuwa haachi kuhudhuria mikutano ya Chama cha Wanahisabati wa Denmark.

Mikutano hiyo ndiyo iliyombadilishia maisha. Humo alikutana na Johan Jensen. Wasomi wa hisabati wanamjua Jensen kwa kanuni yake maarufu ya mwaka 1906, lakini ajira yake haikuwa chuo kikuu. Alikuwa mhandisi mkuu wa Kampuni ya Simu ya Copenhagen, na hisabati aliifanya kwa mapenzi tu. Jensen akamtambulisha Erlang kwa mkurugenzi mtendaji wa kampuni, Fritz Johannsen, ambaye naye alikuwa ameanza kujaribu kutumia nadharia ya uwezekano kutatua matatizo ya simu. Mwaka 1908 Erlang akaajiriwa. Alikuwa na miaka 30. Mwalimu akaingia kiwandani, tuseme.

Ili muone tatizo alilokabidhiwa, lazima tukumbuke simu za wakati ule. Hukupiga namba ukampata mtu. Uliinua mkono wa simu, taa au kengele ikamwita opereta, mara nyingi msichana, aliyeketi mbele ya ubao mkubwa wenye matundu. Ulimwambia unamtaka nani, akachukua waya akauchomeka. Kama waya zote za kwenda upande huo zimeshikwa, ulisubiri. Kama opereta anahudumia wengine, ulisubiri. Na aliyetukanwa ni nani? Msichana wa ubaoni. Mnaona inapoelekea.

Kampuni ilikuwa na swali la pesa. Waya ni shaba, na shaba ni ghali. Opereta ni mshahara. Ukiweka waya chache wateja wanakwama. Ukiweka nyingi, nyingi zinalala bure mchana kutwa. Sasa zinatosha ngapi? Watu walikuwa wakikisia kwa uzoefu, na mengine kwa kubahatisha.

Erlang akaanza na swali la chini kabisa: simu zinakujaje? Makala yake ya kwanza kubwa, ya mwaka 1909, ilihusu nadharia ya uwezekano na mazungumzo ya simu. Alionyesha kwamba simu zikitoka kwa watu wengi ambao hawakupatana, kuja kwake kunafuata kanuni iliyokuwa tayari inajulikana kwa jina la Mfaransa Poisson. Kwa lugha yetu ya mtaani: fikiria abiria wanaofika kituo cha daladala. Hakuna aliyempigia mwenzake kwamba tutoke pamoja. Lakini utaona dakika tano kimya, halafu ghafla wanafika sita kwa mpigo. Hakuna njama, hakuna mchawi. Ndivyo bahati inavyokaa. Mafungu na mapengo ni sehemu ya mambo yenyewe, na yanahesabika.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea mpaka leo. Tunachukua wastani. Tunasema kama kwa wastani watu watatu wanaongea kwa wakati mmoja, basi waya tatu zinatosha. Erlang alionyesha kuwa wastani ni mdanganyifu mkubwa.

Lakini msidhani alikaa ofisini na kalamu tu. Aliongoza maabara ya kampuni, na mwanzoni hakuwa na wasaidizi wa kutosha, kwa hiyo vipimo vingi alivifanya mwenyewe. Kulikuwa na tatizo la umeme kupotea kwenye nyaya za chini ya ardhi. Basi watu wa Copenhagen wakazoea kumwona bwana mmoja mtulivu akitembea mitaani, nyuma yake kibarua amebeba ngazi, wakifika kwenye chemba wanafungua mfuniko, ngazi inashushwa, na bwana yule mwanahisabati anateremka shimoni kupima. Alibuni pia vifaa vya kupimia umeme wa nyaya za simu, na alishughulikia majedwali ya hisabati yaliyowarahisishia watu mahesabu wakati ambapo kalikuleta ya mfukoni ilikuwa bado kuzaliwa.

Mwaka 1917 akatoa makala iliyomweka katika historia, kuhusu masuala ya uwezekano yenye umuhimu kwa vituo vya simu vinavyojiendesha. Humo mna fomula mbili. Moja ni ya mahali ambapo anayekuta njia zimejaa anaambiwa bize na kuondoka. Nyingine ni ya mahali ambapo anayekuta zimejaa anapanga foleni. Ya kwanza inakupa sehemu ya wapigaji watakaokwama. Ya pili inakupa sehemu ya watakaosubiri na watasubiri kiasi gani. Benki, hospitali, vituo vya huduma kwa wateja, seva za intaneti, vyote vinakula matunda ya makala ile.

Ngoja niwaonyeshe ya kwanza, maana uzuri wake ni kwamba inawezekana kwa kalamu na karatasi. Kwanza pima mzigo. Chukua saa yenye shughuli nyingi kuliko zote, hesabu simu, zidisha kwa dakika za wastani wa kila simu, gawanya kwa 60. Pale ofisini kwetu nilipotoa kumbukumbu za mtambo wa simu, saa ile ilikuwa ya kuanzia saa 4 asubuhi: simu 60 za nje, kila moja kama dakika 3. Dakika 180 gawanya kwa 60, unapata 3. Huo mzigo leo unaitwa erlang 3.

Sasa anza na namba 1, ambayo maana yake ni kwamba bila njia hata moja wote wanakwama. Kwa kila njia unayoongeza, chukua jibu la nyuma uzidishe kwa mzigo. Tokeo hilo liweke juu. Chini weka idadi ya njia ukijumlisha na tokeo hilohilo. Gawanya. Njia 1: 3 gawanya kwa 4, yaani 0.75. Njia 2: 2.25 gawanya kwa 4.25, kama 0.53. Njia 3: kama 0.35. Simameni hapo kwanza. Mzigo ni 3, njia ni 3, na bado watu 35 kati ya 100 wanakwama! Wastani umekudanganya. Endelea: njia 6 wanakwama kama 5 kati ya 100, njia 7 kama 2, na njia 8 chini ya 1.

Kuna kingine kitamu. Ukiwa na ofisi mbili, kila moja na mzigo wa 3, na hutaki akwame hata 1 kati ya 100, kila moja inahitaji njia 8, jumla 16. Ukiziunganisha zitumie fungu moja, mzigo unakuwa 6 na njia 13 zinatosha. Tatu zimeokolewa kwa kushirikiana tu. Wahenga walishasema umoja ni nguvu. Erlang aliweka tarakimu zake.

Sifa zake zikavuka mpaka. Idara ya Posta ya Uingereza, iliyokuwa ikiendesha simu za huko, ilianza kutumia fomula yake. Makala zake nyingi zilitoka kwanza kwa Kidenmark, lugha ya watu wachache, na inasimuliwa kwamba mtafiti mmoja wa maabara za Bell kule Marekani alijifunza Kidenmark ili azisome kama zilivyoandikwa. Mie hapo nilitabasamu. Tumezoea kuambiwa elimu lazima iandikwe kwa lugha ya wakubwa ndiyo isomwe. Kumbe jambo likiwa na uzito, mkubwa mwenyewe anakuja kujifunza lugha yako.

Maisha yake ya nyumbani yalikuwa ya kimya. Hakuoa. Pesa zake zilikwenda kwenye vitabu, akajaza maktaba kubwa ya hisabati, nyota na fizikia. Na zilikwenda kwa watu. Wenye shida walikuwa wakimfuata hukohuko maabara, na alikuwa akiwasaidia pasipo kelele, bila kutaka wengine wajue. Kwa karibu miaka 20 ya kazi hakukosa kwenda kazini kwa ugonjwa. Mwezi Januari 1929 akaugua tumbo, akalazwa, akafanyiwa upasuaji. Tarehe 3 Februari 1929 akafariki. Miaka 51 tu.

Hakuacha mtoto, lakini jina lilibaki. Mwaka 1946 kamati ya kimataifa ya simu ilikubali kwamba kipimo cha mzigo wa simu kiitwe erlang. Mwaka 1948 maisha yake na kazi zake vikachapishwa kitabu kimoja huko Copenhagen. Miaka ya 1980 wahandisi wa Ericsson wa Sweden, katika kutengeneza lugha ya programu kwa ajili ya mitambo ya simu, nao wakaiita Erlang. Lugha hiyo ndiyo iliyotumika kujenga seva za WhatsApp. Kwa hiyo, shangazi yako anapokutumia ile picha ya maua ya kukutakia asubuhi njema, ujue mwalimu wa Lønborg yumo.

Sasa nirudi kwa dada yetu wa mapokezi.

Ile habari ya Erlang kushuka kwenye chemba ilinichoma. Mie nilikagua poti 40, ndiyo, lakini nilikagua nikiwa nimekaa, na majaribio yangu yote yalikuwa ya jioni, watu wameshaondoka. Sikwenda pale tatizo lilipo, saa lilipo. Kesho yake nikaenda saa 4 asubuhi, nikakaa pembeni ya meza ya mapokezi na kompyuta yangu mapajani.

Poti hazikuwa na kosa kweli. Poti moja inabeba megabiti 1000 kwa sekunde, na simu moja inahitaji kama kilobiti 80, yaani si chochote. Ila simu za nje zote zinatokea mlango mmoja, kwenye rauta, na pale foleni ya kipaumbele nilikuwa nimeiwekea kikomo cha kilobiti 512 ili sauti isimeze intaneti yote. Gawanya 512 kwa 80: simu 6. Na mtambo wa simu sikuuwekea kikomo chochote. Simu ya 7 ikiingia, inaruhusiwa.

Hapa ndipo simu za IP zinapotofautiana na waya za enzi za Erlang. Kule, waya zikijaa, wa 7 anakwama peke yake na sita wanaendelea kuongea raha mustarehe. Huku, wa 7 anaingia, na rauta inapoanza kutupa pakiti zilizozidi haichagui ni za nani. Inatupa za huyu na za yule. Watu wote saba wanasikia kwikwi kwa pamoja. Daladala ya watu sita imepandisha wa saba, na badala ya huyo mmoja kuning'inia mlangoni, gari zima limezimika.

Nikapiga hesabu kwa kanuni ileile ya mwaka 1909. Mzigo ukiwa 3, sehemu ya muda ambapo watu zaidi ya 6 wanaongea kwa pamoja ni kama 3 kati ya 100. Katika saa moja, kama dakika 2 tu. Ndiyo maana hata ungepita ofisini ukapiga simu moja ya majaribio usingeona kitu. Lakini dakika hizo 2 hazikai mahali pamoja. Zinatawanyika kama mara 3, kila mara kama sekunde 40, na kila mara watu saba wanaumia kwa mpigo. Saba mara tatu, ishirini na moja. Baadhi wanaweza kuwa walewale, lakini kati ya simu 60 za saa ile si ajabu theluthi nzima ikaonja balaa. Kwa mteja aliye upande wa pili, anachojua ni kwamba yule dada alianza kumjibu halafu akamkatia.

Nilikaa pale nikaliona kwa macho yangu. Simu ya 7 ikaingia, na dada akaanza kusema haloo, haloo, samahani sikusikii, akiwa amefumba macho kama mtu anayesali. Mteja akakata. Dada akaandika kitu kwenye daftari. Nikamwomba nione. Alikuwa ameandika saa na dakika za kila simu iliyomharibikia, siku kumi na moja mfululizo, kwa mwandiko mzuri. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama ana daftari, na mie nikiwemo. Nililinganisha na kumbukumbu za rauta. Dakika kwa dakika, zilikuwa zilezile.

Nikaenda kwa bosi na karatasi yangu. Nilimwambia mzee nilikosea nilipokwambia mtandao hauna kasoro, kasoro ilikuwa yangu. Si rahisi kusema hivyo mbele ya mtu anayekulipa, wadau, tusidanganyane. Akaiangalia ile karatasi kwa muda, akaniuliza huyu Erlang ni fundi wa kampuni gani. Nikamwambia ni marehemu. Akacheka, halafu akafungua droo, akaitoa barua, akaichana.

Marekebisho yalichukua nusu saa. Nikapandisha kikomo cha foleni ya sauti kufika kilobiti 640, simu 8, na kwenye mtambo wa simu nikaweka kwamba ya 9 isiingie, ipewe mlio wa bize. Kwa hesabu ya mwaka 1917, atakayekutana na mlio huo saa ile ya msongamano ni chini ya 1 kati ya 100. Atajaribu tena baada ya dakika moja na atapata. Kuambiwa bize kwa heshima ni bora kuliko kuvunjiwa mazungumzo na kumchukia mtu asiye na hatia.

Mafundi wenzangu mnaopita hapa, mkimaliza kupanga poti zenu msikimbilie kufunga begi. Ulizeni simu ngapi zitatoka kwa pamoja saa ya msongamano, angalieni mlango wa kutokea unabeba ngapi, na wekeni kikomo mahali ambapo simu inaanzia, si mahali ambapo pakiti zinatupwa. Na mabosi mnaopita hapa, kabla hamjamwandikia mtu barua, muulizeni kwanza kama ana daftari.

Dada wa mapokezi bado yuko kazini. Aliniomba nimwandikie lile jina kwenye kikaratasi, akalibandika chini ya simu yake. Kila nikipita namwona Erlang pale, katikati ya kalenda na namba ya fundi wa maji.

Kwa leo naishia hapa. Kama yupo mdau aliyewahi kukaa kwenye ubao wa opereta enzi zile za simu za kuunganishiwa, tafadhali atuandikie hapo chini. Nina hakika mna mengi, na safari hii nitasoma kila mstari.